UZI: Mimea inavyozifanya seli za saratani ya mapafu zijimalize zenyewe, na kwanini ile chupa ya ami yangu haikuwa dawa

BintiMakorora (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Niko Tanga mjini, nafanya kazi famasi huku Ngamiani, na huu uzi nimeukalia muda mrefu kwa sababu kila nikitaka kuandika machozi yananilenga. Leo naandika hivyo hivyo.

Ami yangu, mdogo wake baba, amefanya kazi mashamba ya mkonge miaka mingi na sigara ameanza kijana wa miaka 17. Mwaka jana akaanza kukohoa. Kikohozi kikawa cha mwezi, miezi miwili, akapelekwa sehemu (siitaji) akaanzishiwa dozi ya TB wakati makohozi hayajaonyesha mdudu wa TB. Akameza vidonge vile kwa uaminifu wote miezi minne, anakonda tu. Mwishoni akawa akiamka asubuhi uso umevimba na mishipa ya shingo imesimama kama kamba, na kwenye kitambaa kuna damu. Hapo ndo tukashtuka, eksirei ikaonyesha kitu, tukaambiwa tujiandae na Dar kwa CT skani na bayopsi (kuchukua kipande cha uvimbe kikapimwe).

Sasa katikati ya hizo wiki za kutafuta nauli na kusubiri majibu ndo mtu akaja nyumbani na chupa. Lita moja na nusu, maji ya rangi ya chai ya mkandaa, shilingi elfu sitini. Na hakuja na maneno matupu, alikuja na karatasi iliyoprintiwa, utafiti wa kweli kabisa wa kizungu, kapigia mstari sehemu inayosema mmea ule unaziua seli za saratani ya mapafu. Shangazi akanipa nisome maana mimi ndo "daktari" wa familia.

Nilisoma. Karatasi haikuwa ya uongo. Na hicho ndicho kilichonifanya nikose usingizi, maana ni rahisi kupinga uongo, ila ukweli nusu unaupingaje mbele ya mgonjwa anayetaka kupona? Kwahiyo nataka nieleze taratibu nilichokuja kukielewa, anayetaka kuuliza aulize.

Mdigo_wa_Duga

Pole sana dada. Naweka kambi hapa, endelea.

BintiMakorora

Ahsante kaka.

Tuanze na kifo cha seli chenyewe. Sisi watu wa Tanga mkonge tunaujua. Mkonge unakaa shambani miaka unakatwa majani, siku yake ikifika unatoa mlingoti mrefu, unachanua mara moja tu, alafu unakufa. Hakuna aliyeuua, kifo kilikuwa ndani yake tangu unapandwa. Seli za mwili wetu nazo ziko hivyo. Kila seli ina maelekezo ya namna ya kujimaliza ikizeeka, ikiharibika DNA yake (vinasaba) au ikiwa haihitajiki tena. Vidole vyetu hivi vilikuwa vimeungana tukiwa tumboni kwa mama, seli za katikati zikafa kwa mpango ndo vikaachana. Na kwa mtu mzima seli zaidi ya bilioni 50 zinakufa namna hii kila siku na wala hatuhisi chochote.

Wanasayansi watatu, Kerr, Wyllie na Currie, ndio walioipa jina hali hii mwaka 1972, wakaiita apoptosisi, neno la Kigiriki la majani kupukutika. Seli inajikunja, inakata DNA yake vipande, inajifunga kwenye vifuko vidogo vidogo, jirani zake wanameza, kwisha. Haipasuki. Seli ikifa kwa kupasuka, kama umeungua moto, vilivyomo ndani vinamwagika na panavimba. Apoptosisi ni kifo safi.

Ndani yake mambo yanaenda hivi. Kuna vinu vya nguvu vya seli vinaitwa mitokondria, na ndani ya vinu kuna protini inaitwa saitokromu c, ambayo ikiwa ndani inasaidia kutengeneza nguvu, ila ikitoka nje inakuwa ndo ishara ya mauti. Mlangoni kuna walinzi. Bcl-2 anashikilia mlango ufungwe, Bax yeye anatoboa matundu. Bax akishinda, saitokromu c inamwagika nje, inawaamsha protini wengine wanaitwa kaspasi, hawa ni mikasi, kaspasi 9 inaamsha kaspasi 3, na kaspasi 3 ikishaamka inakata seli toka ndani. Kuna na njia ya pili, seli inapokea amri kutoka nje kupitia ukuta wake, hiyo inaanzia kaspasi 8, lakini zote mwisho zinakutana kwenye mikasi ile ile.

Saratani ni seli iliyokataa kufa. Imeharibu p53, yule mkaguzi anayepima DNA na kutoa hukumu (karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina p53 mbovu), au imejaza akina Bcl-2 mlangoni. Kwahiyo mtu akisema mmea fulani "unachochea apoptosisi kwenye seli za saratani ya mapafu" maana yake kuna kitu ndani ya ule mmea kimeweza kuusukuma ule mlango tena.

KijanaWaAmani

Dada umeeleza nimeelewa kuliko darasani. Mimi niko huku juu Amani, Muheza, tunalima pilipili manga, mdalasini, iliki na manjano kidogo. Nshasikia manjano yanatibu kansa. Je, ni kweli au la, maana nataka kujua ninachouza.

BintiMakorora

Kaka swali lako ndo lenyewe, na nitalijibu kwa urefu.

Ile rangi ya manjano ni kitu kinaitwa kurkumini. Ukiweka kurkumini kwenye sahani ya maabara yenye seli za saratani ya mapafu, zinakufa, na zinakufa kwa apoptosisi, Bcl-2 inashuka, Bax inapanda, kaspasi 3 inaamka. Hii imerudiwa maabara nyingi. Habati soda nayo ina thaimokwinoni, kwenye sahani inafanya hivyo hivyo. Tangawizi, mshubiri, mstafeli, vyote vina vitu vya namna hiyo.

Tatizo ni sahani. Ile karatasi ya ami ilitaja seli zinazoitwa A549. Hizi zilitolewa kwenye uvimbe wa mapafu wa mzungu mmoja wa miaka 58, mwaka 1972, tangu hapo zinakuzwa kwenye maabara dunia nzima, na tafiti nyingi sana za mimea na mapafu zimefanyika juu ya seli hizo hizo. Ziko kwenye plastiki, hazina damu, hazina ini, hazina tumbo. Unamimina dawa moja kwa moja kichwani mwao. Hata dawa ya kufulia madoa ukiimimina pale zinakufa zote. Kuua seli kwenye sahani ni hatua ya kwanza kabisa. Maswali yenyewe ni je inaziacha seli zenye afya? Ikimezwa inafika kwenye pafu? Inafika kwa kiasi gani?

Na hapo ndo kurkumini inapokwama. Watu wamepewa gramu 8 kwa siku kwenye majaribio, hizo ni vijiko kadhaa vya chai vya unga safi wa kurkumini, siyo manjano ya mchuzi, na kilichoonekana kwenye damu kilikuwa kidogo mno ukilinganisha na kile kinachomiminwa kwenye sahani. Tumbo halikipokei vizuri, na kidogo kinachoingia ini linakivunja haraka. Kwahiyo kaka, uza manjano yako kwa moyo mweupe, ni kiungo kizuri na heshima ya Muheza, ila mtu akikuuliza kama yanatibu saratani ya pafu mwambie hapana.

Ustadh_Chumbageni

Mimi nimesoma mahali kwamba ukichanganya manjano na pilipili manga ndo yanaingia mwilini. Sasa si suluhisho hilo?

BintiMakorora

Ustadh nashukuru umeligusa, maana hapa ndo palipotaka kumuua ami.

Ni kweli. Pilipili manga ina piperini. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda mara 20. Inafanyaje? Inazuia vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyovunja vitu vigeni, na inaziba pampu ambazo hurudisha vitu nje ya ukuta wa utumbo.

Sasa fikiria. Vimeng'enya hivyo hivyo na pampu hizo hizo ndizo zinazoshughulikia dawa za hospitali. Zikizibwa, dawa inakaa kwenye damu kuliko ilivyopangwa. Daktari kapiga hesabu ya dozi kwa kilo na urefu wa mgonjwa, alafu nyumbani kuna chupa inabadilisha hesabu nzima na yeye hajui. Kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ina nafasi ndogo sana kati ya kutibu na kudhuru, ikizidi kidogo uboho unashindwa kutengeneza chembe nyeupe za damu na mgonjwa anakufa kwa maambukizi, siyo kwa saratani.

Chupa ya ami tulipoionja tuliona dhahiri imo pilipili manga, imo manjano, imo muarobaini, vilivyobaki mwuzaji alisema ni siri ya babu. Ami aliificha kwenye begi akaenda nayo Dar. Nesi akaiona siku ya kwanza ya kemo, akamwita daktari. Yule daktari Mungu amlipe, hakumfokea, alikaa kitandani pake akamwambia mzee, mimi siwezi kukutibu kama kuna dawa nyingine inakutibu na mimi siioni. Ami akaitoa mwenyewe.

MzeeWaPangani

Binti yangu, nimesoma yote na sijapenda unapoelekea. Sisi tumekua kwa mitishamba. Bibi zetu walitibu kabla ya hospitali hazijaja. Hawa wazungu dawa ya asili wakiiona wanaificha ili wauze vidonge vyao. Msidharau miti yetu.

BintiMakorora

Shikamoo mzee wangu. Sidharau, na naomba unisikilize kidogo maana katika hili naamini tuko upande mmoja.

Unajua dripu ya kwanza aliyowekewa ami ilikuwa nini? Dawa mbili. Moja ni ya madini ya platinamu. Ya pili inaitwa etoposidi, na etoposidi asili yake ni mmea, mmea mdogo wa porini Marekani ambao wenyeji wa kule walikuwa wakitumia mizizi yake kwa tiba tangu zamani. Mzizi wenyewe ni sumu. Wakemia walichukua kile kitu cha ndani wakakibadilisha umbo kidogo, ikawa dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1983, na mpaka leo ndiyo nguzo ya matibabu ya ile saratani ya mapafu ya seli ndogo, ambayo ndiyo ya ami. Inafanya kazi hivi, seli ikitaka kugawanyika lazima ikate DNA yake ilegeze mafundo kisha iunge tena, etoposidi inaruhusu kukata inazuia kuunga. Seli inajikuta na DNA iliyokatika katika kila mahali, inashindwa kukarabati, inafuata njia ile ile niliyoieleza ya mitokondria na mikasi.

Na siyo hiyo tu mzee. Yale maua ya pinki na meupe yenye petali tano, yanayoota yenyewe kwenye mchanga, nyuani na makaburini, kitaalamu Catharanthus roseus, asili yake hapo Madagaska. Jamaika watu walikuwa wanachemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Majani yakatumwa kwa madaktari Canada miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer wakawapa panya, sukari haikushuka, lakini chembe nyeupe za damu zikaanguka. Wengine wangetupa. Wao wakajiuliza, kama inaangusha chembe nyeupe, si itaangusha na saratani ya chembe nyeupe? Zikatoka vinblastini na vinkristini, na baadaye ndugu yao vinorelbini ambayo inatumika kwa saratani ya mapafu.

Upo na mti wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, magamba yake yalichukuliwa 1962, akina Wall na Wani wakatangaza umbo la kilichomo mwaka 1971, ndiyo paklitakseli. Kilo 12 za magamba makavu ziliwapa nusu gramu. Nusu gramu mzee wangu! Ndo maana hizi dawa huwezi kuzipata kwa kuchemsha sufuriani, ama utapata kidogo kisichofaa au utapata sumu nyingine zilizomo humo humo.

Watu wa kamba mtanielewa hapa. Seli ikigawanyika inasuka kamba za kuvutia DNA kwenda pande mbili, na ikimaliza inazifumua. Vinorelbini inazuia kamba isisukwe. Paklitakseli kinyume chake, inazuia isifumuliwe. Kwa vyovyote seli inakwama katikati ya kazi, na ikikwama sana inajimaliza.

Kwahiyo hawakuficha mzee. Walipoona mmea unafanya kazi kweli wakauweka kwenye dripu, na uko wodini leo.

MzeeWaPangani

Marahaba binti. Hili la ua la makaburini sikulijua. Mimi nilidhani hospitali na miti ni maadui.

Ustadh_Chumbageni

Swali gumu kidogo. Umesema saratani inaharibu p53 yule mkaguzi. Kama mkaguzi kafa, hiyo etoposidi ikikata DNA nani anatoa hukumu?

BintiMakorora

Mashaallah swali hilo. Katika saratani ya seli ndogo p53 imeharibika karibu kwa wagonjwa wote, na bado etoposidi inaipunguza haraka, uvimbe wa uso wa ami uliondoka ndani ya wiki mbili tukashangaa. Ni kwa sababu mlango wa mitokondria hausukumwi na p53 peke yake, kuna wengine wa ukoo wake, na seli yenye DNA iliyovunjika vibaya ikilazimisha kugawanyika inajivuruga yenyewe. Lakini umegusa penye uchungu. Saratani hii inasikia dawa mapema na mara nyingi inarudi, na ikirudi imejifunza, imeongeza walinzi mlangoni, imeongeza pampu za kutema dawa nje. Tuliambiwa hivyo wazi na nimeona bora tuliambiwa.

Mama_Aisha_Sahare

Mama yangu hajawahi kuvuta sigara hata moja lakini miaka yote kapikia kuni jiko la ndani na anakohoa. Nina hofu.

BintiMakorora

Dada, sigara ndiyo mama wa hii saratani ila siyo peke yake. Moshi wa kuni ndani ya nyumba umewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha. Ila kikohozi cha moshi mara nyingi kina sababu nyingine, pumu, TB, mapafu kuchoka. Akikohoa zaidi ya wiki mbili apime makohozi, na kama makohozi hayana mdudu na dozi haisaidii, usisubiri miezi minne kama sisi, dai eksirei. Hospitali ya Bombo hapa Tanga wanapiga. Nenda naye wewe mwenyewe, wazee wakienda peke yao wanasema "sijambo".

Baharia_DeepSea

Mimi navuta pakti kwa siku miaka 20. Kuna mtu kaniambia nile karoti nyingi au nimeze vidonge vya karoti vinalinda pafu. Nisaidie.

BintiMakorora

Kaka hili nitakujibu kwa msisitizo wote. Vidonge hapana. Kile kitu cha njano cha karoti, beta-karotini, kilijaribiwa Ufini kwa wanaume wavutaji 29,133. Kila mtu alitegemea kitazuia saratani. Matokeo yalitoka 1994, waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiomeza. Jaribio lingine Marekani likasimamishwa mapema 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Kitu cha mmea, cha asili, kinachouzwa kwa rangi nzuri. Karoti ya kwenye sahani ya chakula kula, haina shida, vidonge vya dozi kubwa kwa mvutaji viache.

Na sigara. Ukiacha leo, baada ya miaka 10 hatari yako ya kufa kwa saratani ya pafu inashuka mpaka karibu nusu ya yule anayeendelea. Hakuna mti wowote niliousoma, kuanzia manjano mpaka habati soda, unaokaribia hapo. Kaka yangu nakuomba.

Baharia_DeepSea

Nimekusikia dada. Sitaandika ahadi hapa, ila nimekusikia.

KijanaWaAmani

Dada na sisi tulio huku msituni, Usambara hii yenye miti isiyopatikana kwingine duniani, haiwezekani humo ndani ikawemo etoposidi nyingine?

BintiMakorora

Inawezekana kabisa, na natamani sana. Bustani ya Amani Wajerumani waliianza 1902 kwa ajili hiyo hiyo ya kujaribu mimea, mikwinini iko pale mpaka leo. Muhimbili wana taasisi ya tiba asili tangu 1974. Kinachotakiwa ni ile safari nzima, sahani, kisha wanyama, kisha watu wachache, kisha watu wengi, huku msitu ukiwa bado umesimama. Ukijua mzee anayejua mti, mwandike anachosema kabla hajaondoka, mti upi, sehemu gani, unachumwa msimu gani. Usimwuzie mgonjwa.

Mdigo_wa_Duga

Ami anaendeleaje sasa?

BintiMakorora

Kamaliza mzunguko wa nne, na mionzi ya kifua pia. Nywele zimenyonyoka zote, chakula anakula uji na samaki wa kuchemsha, kikohozi kimebaki kidogo cha asubuhi. Picha ya mwisho inaonyesha uvimbe umepungua sana ila bado kuna alama, tunarudi Dar Jumatano kwa CT nyingine.

Nilimwambia ile dripu inatokana na mmea. Akanyamaza, alafu akaniuliza una majani ya namna gani. Nikamwonyesha picha kwenye simu, majani mapana kama mwavuli na ua jeupe moja chini yake. Akaitazama muda mrefu akaniambia nimtafutie mbegu. Nikamweleza kwamba huo ni wa kule kwenye baridi, huku kwetu hauoti, na mzizi wake ni sumu. Akasema basi angalau nimpandie yale ya pinki mlangoni, na asiyachume mtu.

Nimeyapanda jana, miche sita. Nitaleta majibu ya Jumatano hapa hapa.